Land Cruiser ya viazi, tairi za 315/75R16 na difu ya 4.1: niende 4.56 au 4.88?

#1 Mkulima wa Mau Narok

Hamjambo wanachama. Ninaendesha pikapu ya Land Cruiser HZJ79 yenye injini ya 1HZ isiyo na turbo na giaboksi ya gia tano. Kwa miaka mitatu nilitumia tairi za 235/85R16 bila lalamiko lolote. Mwezi wa pili niliweka 315/75R16, ambazo ni kubwa zaidi, kwa sababu mvua ikinyesha barabara ya shambani hugeuka uji, na nilikuwa nimechoka kuvutwa na trekta ya jirani ambaye hakosi kunikumbusha hisani hiyo kila tunapokutana sokoni.

Matope sasa nayapita, lakini tatizo limehamia kwenye lami. Nikibeba tani moja ya viazi kwenda Kisumu, nikaanza kupanda kutoka Molo kuelekea Mau Summit, gia ya tano imekuwa pambo tu, na gia ya nne hunikatalia nikishuka kwenye kilomita 60 kwa saa. Nikiingia ya tatu injini hupiga kelele na foleni ya malori hujipanga nyuma yangu. Nimeambiwa dawa ni kubadilisha meno ya difu zote mbili, mbele na nyuma, yaani masanduku ya meno yaliyo kwenye ekseli. Kuna seti za 4.56 na za 4.88, na sijui nichague ipi. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi hii, si wa waliosimuliwa.

#2 Dereva Mstaafu

Mimi nimefanya. Nilitoa tairi kubwa nikarudisha zile za zamani, gari likapona siku hiyo hiyo. Sikufungua difu yoyote.

#3 Mwalimu wa Hesabu

Kabla ya kuchagua ni vizuri tuelewane kuhusu namba yenyewe. Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ambayo propela (mtaimbo unaopeleka nguvu hadi kwenye difu) hufanya ili gurudumu lizunguke mara moja, nayo hutokana na kugawanya meno ya krauni, lile gurudumu kubwa la ndani ya difu, kwa meno ya pinioni, lile dogo linalolizungusha. Difu ya meno 37 kwa 9 hutoa 4.111, ile ya 41 kwa 9 hutoa 4.556, na ile ya 39 kwa 8 hutoa 4.875. Hizo ndizo mnazoziita 4.1, 4.56 na 4.88.

Sasa tairi. Ukikokotoa kutokana na maandishi yaliyo ubavuni, 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806 na 315/75R16 ina milimita 879. Gawanya ya pili kwa ya kwanza utapata 1.09, yaani gari lako sasa lina gia ndefu, za mbio zaidi na nguvu pungufu, kwa asilimia 9 katika kila hatua, kuanzia namba moja hadi namba tano. Zidisha 4.111 kwa 1.09 upate karibu 4.48, huo ndio uwiano ambao ungekurudisha pale ulipokuwa. Hakuna anayeuza 4.48, kwa hiyo iliyo karibu zaidi ni 4.56. Kwangu mimi hesabu imekwisha hapo.

#4 Landi ya Babu

Ndugu zangu, mimi niko Kitale na Land Rover Defender ya injini ya 300Tdi. Difu zangu ni 3.54 kama zilivyotoka kiwandani, nimevaa tairi za inchi 33, na ninapanda Mlima Elgon hadi mahali ambapo Land Cruiser huachwa chini ya mti zikisubiri wenyewe warudi kwa miguu. Kama 3.54 inatosha, mtu wa 4.1 analalamika nini? Labda tatizo ni nembo iliyo kwenye grili.

#5 Mwalimu wa Hesabu

Mzee wa Landi, heshima yako, lakini namba ya difu haiwezi kulinganishwa kati ya gari na gari bila kutazama kilicho mbele yake. Transfa ya Defender yako (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma), ile LT230, hupunguza mwendo hata ukiwa katika gia za kawaida, kwa uwiano wa 1.41. Zidisha 3.54 kwa 1.41 na utapata karibu 5. Transfa ya Land Cruiser huyu katika gia za kawaida hupitisha moja kwa moja, kwa hiyo 4.1 yake inabaki 4.1. Wewe ndiye mwenye gia za nguvu zaidi hapa, ila hukuwa unajua.

#6 Landi ya Babu

Nilijua, sema sikuwa na namba. Ahsante Mwalimu. Na kwa wenye Landi wenzangu, hapo ndipo siri ilipo: transfa ya Discovery ina 1.22 badala ya 1.41, kwa hiyo ukiona Defender iliyofungwa transfa ya Discovery ili iwe na mbio barabarani, halafu mwenyewe analia kwamba haipandi na tairi kubwa, mwambie arudishe ya zamani kabla hajagusa difu. Bila kufungua ekseli hata moja utakuwa umesogea zaidi ya asilimia 15.

#7 Kano Kwetu

Naandika kutoka Ahero. Nina HZJ79 kama ya Mkulima, difu 4.1, tairi 285/75R16, na hubeba mchele zaidi ya tani moja. Gia ya tano naitumia kila siku na sijawahi kuona shida hiyo. Nashuku injini yake imechoka, au sindano za pampu zinahitaji kuangaliwa. Kabla mtu hajanunua meno mapya, apime mgandamizo wa silinda.

#8 Mzee wa Timboroa

Kijana wa Kano, wewe unaishi kwenye sinia. Barabara yako kutoka Ahero hadi Kisumu hata mkokoteni wa punda huweza kuingia gia ya tano. Njoo huku kwetu, ambako ni zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, uone 1HZ inavyohema.

Hili si suala la mteremko tu. Injini isiyo na turbo hunywa hewa iliyopo, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Mombasa. Nakuru iko karibu mita 1,850, umepoteza kama sehemu moja ya sita. Huku Timboroa umepoteza karibu robo. Injini ile ile, sindano zile zile, lakini farasi kadhaa wamebaki Mombasa. Mkulima hana tatizo la difu, ana tatizo la hewa, na dawa ya hewa ni turbo.

#9 Kano Kwetu

Nimekubali sinia, Jaduong'. Lakini swali langu linabaki: mbona kabla ya tairi mpya alipanda Mau Summit bila lalamiko? Hewa ya Molo haikubadilika mwezi wa pili.

#10 Mzee wa Timboroa

Haikubadilika, ila alikuwa ukingoni tayari na tairi zikamsukuma. Mgonjwa anaweza kutembea na homa hadi siku anapobebeshwa gunia.

#11 Fundi wa Kibuye

Shikamoo wazee, na salamu kwa vijana. Nimefunga difu kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza mambo ambayo hesabu ya Mwalimu haiyaoni.

Kwanza, tairi ya 315 si ndefu tu, ni nzito pia, na uzito wake uko mbali na kitovu. Kuianzisha kuzunguka ni kazi, kuisimamisha ni kazi. Ukibadilisha difu kwa uwiano unaolingana na kipenyo peke yake, utarudisha mizunguko ya injini lakini hutarudisha wepesi wa zamani. Ndiyo maana mafundi wengi husema, piga hesabu, kisha ongeza kidogo. Hesabu ikitoa 4.48, wapo watakaochagua 4.88 na si 4.56, hasa kwa injini isiyo na turbo inayobeba mzigo mlimani.

Pili, breki. Tairi ndefu huipa barabara mkono mrefu wa kushindana na breki zako, na difu mpya haitakusaidia hapo isipokuwa unapotumia injini kupunguza mwendo. Ukishuka na tani moja ya viazi kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil utanielewa.

Tatu, tuache kusema "difu ya juu" na "difu ya chini", kwa sababu kila mtu ana maana yake. Namba ikiwa kubwa, gia ni ya nguvu na mbio hupungua. Gereji tunasema difu ya nguvu na difu ya mbio, hapo hakuna anayepotea.

#12 Mwalimu wa Hesabu

Fundi amesema kweli kuhusu uzito. Hebu niweke mizunguko ya injini mezani, halafu kila mtu ajihukumie. Nimetumia gia ya tano ya 0.845 na kipenyo kilichoandikwa. Tairi iliyobeba mzigo hubonyea kidogo, kwa hiyo mizunguko halisi itazidi hizi kwa asilimia chache.

Kwa kilomita 100 kwa saa katika gia ya tano, tairi za zamani na 4.1 zilikuwa zikizungusha injini mara 2,286 kwa dakika. Tairi mpya na 4.1 ni 2,096. Tairi mpya na 4.56 ni 2,323. Tairi mpya na 4.88 ni 2,486. Injini ya 1HZ hutoa nguvu yake kubwa ya kusokota kwenye mizunguko 2,200, kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba tairi mpya zimemsukuma chini ya mahali injini inapopenda kufanya kazi, na 4.56 inamrudisha juu kidogo ya hapo.

Lakini malalamiko ya Mkulima si ya gia ya tano. Soma tena alichoandika. Anasema gia ya nne inakataa kwenye 60 na ya tatu inapiga kelele. Gia ya nne ya giaboksi hiyo ni moja kwa moja, na ya tatu ni 1.516. Huo ni mwanya wa zaidi ya nusu kati ya gia mbili jirani. Kwenye kilomita 60, zamani gia ya nne ilimpa mizunguko 1,624. Sasa inampa 1,489, na akirudi ya tatu anaruka hadi 2,257. Ameanguka ndani ya shimo lililokuwapo tangu kiwandani, tairi zimelipanua ukingo tu. Kwa 4.56 gia ya nne ingempa 1,650 kwenye mwendo huo huo, na kwa 4.88 ingempa 1,765.

#13 Dereva Mstaafu

Sasa nimeelewa kwa nini nilipokuwa naendesha lori nilikuwa napanda Mau Summit kwa ya tatu tangu chini hadi juu bila kujaribu ya nne. Hatukuwa na namba hizi, tulikuwa na masikio. Kijana, ingia ya tatu mapema, tulia kwenye 55, waache wa nyuma wapige honi. Hakuna difu inayouzwa kwa bei ya uvumilivu.

#14 Dada wa Jimny

Naomba kuingia na gari dogo. Jimny yangu ilikuja na 205/70R15, nikaweka 235/75R15, ongezeko la karibu asilimia 10, sawa na la Mkulima. Injini ya 1.3 hapa Nakuru ilikuwa haijiwezi hata kwenye mlima wa kwenda Menengai. Mimi sikugusa difu. Niliweka gia za transfa zilizopunguzwa, ambazo hushusha gia za kawaida na zile za "lo" (za nguvu na mwendo mdogo) kwa pamoja. Sababu yangu ni rahisi: transfa ni moja, difu ni mbili, na ukibadilisha difu moja lazima ubadilishe na ya pili. Fundi alifungua sanduku moja akalifunga.

Hata kampuni ya Suzuki yenyewe hucheza mchezo huu. SJ410 yenye injini ya 970 cc ilikuwa na difu ya 4.111, na SJ413 ilipokuja na injini ya 1324 cc wakaipa 3.727. Injini ikipata nguvu, difu inapelekwa kwenye mbio. Kwa hiyo Mzee wa Timboroa na Mwalimu wanasema jambo moja kutoka ncha mbili.

#15 Fundi wa Kibuye

Dada, kwa Jimny umefanya vizuri. Kwa Land Cruiser ya mzigo nina shaka, kwa sababu ukipunguza kwenye transfa, propela na pinioni hubebeshwa nguvu yote iliyozidishwa, wakati ukipunguza kwenye difu, nguvu huzidishwa mwishoni, karibu na gurudumu. Ila nakubali kwamba meno ya difu nayo yana kasoro yake: kadiri uwiano unavyopanda, pinioni hupungua meno na wembamba huingia. Pinioni ya meno 8 ya 4.88 ni nyembamba kuliko ya meno 9. Ukifika 5.29, yenye meno 7, mimi humwomba mteja afikirie tena.

#16 Mwana wa Subukia

Nimefunga 4.88 kwenye Hilux Surf yangu yenye tairi za inchi 33, na nitasema ukweli wangu: milimani ni raha, lakini kwenda Nairobi ni adhabu. Injini iko juu muda wote, redio haisikiki, na mafuta yamepanda. Kama ningerudi nyuma ningechagua 4.56. Anayekwambia ongeza kidogo hatakuwepo kituo cha mafuta.

#17 Mama wa Elburgon

Mimi ni kinyume chako kabisa, ndugu wa Subukia. Prado yangu ilikuwa ikinywa zaidi kabla ya kubadilisha difu, kwa sababu nilikuwa nakanyaga hadi sakafuni kila kilima ili isizimike mkononi. Baada ya 4.56 mguu umepumzika na tangi linadumu. Nadhani inategemea mtu anaishi wapi na mguu wake una tabia gani.

#18 Mwana wa Subukia

Mama, mguu wangu umelelewa vizuri.

#19 Kano Kwetu

Swali la pembeni: nikivaa 315 kama Mkulima, spidomita yangu itanidanganya kiasi gani? Naogopa wale askari wa kamera.

#20 Mwalimu wa Hesabu

Kwa mabadiliko ya Mkulima, sindano ikionyesha 100 gari linakwenda 109. Kwa hiyo ukiona 105, tayari umepita 110 bila kujua.

#21 Mama wa Elburgon

Nikiongeza kwa Mwalimu: ukibadilisha difu, spidomita hurudi karibu na ukweli yenyewe.

#22 Fundi wa Kibuye

Hilo ni kweli kwa gari ambalo spidomita husomwa kwenye mhimili wa nyuma wa transfa, kama HZJ hizi, kwa sababu propela sasa huzunguka zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa magari yanayosoma mwendo kutoka vihisi vya ABS vilivyo kwenye magurudumu, difu haibadilishi chochote, tairi peke yake ndiyo inayodanganya. Mtu asilipie difu akitumaini kurekebisha spidomita kabla ya kujua gari lake linasoma wapi.

#23 Mkulima wa Mau Narok

Nawashukuru wote. Fundi aliye karibu nami aliniambia nisinunue kitu kabla ya kuhakikisha difu iliyopo, kwa hiyo Jumamosi nimeinua gurudumu moja la nyuma, nimeweka alama ya chaki kwenye propela, nikazungusha gurudumu mara moja kamili huku kijana wangu akihesabu. Jamani, propela imezunguka mara mbili na kidogo sana. Difu yangu ni 2.05! Inawezekana niliuziwa gari lenye difu ya ndege?

#24 Landi ya Babu

Uza viazi, nunua mbawa.

#25 Dada wa Jimny

Usiogope, Mkulima. Uliinua gurudumu moja na jingine likabaki chini, kwa hiyo difu imegawanya mzunguko nusu kwa nusu. Ukiinua moja, lizungushe mara mbili. Ukiinua yote mawili na kuyazungusha pamoja, mara moja inatosha. Zidisha 2.05 mara mbili utaona 4.1 yako ikikuchekea. Mbele fanya vivyo hivyo, ila funga habu kwanza (vifungio vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli), la sivyo propela haitasogea.

#26 Fundi wa Kibuye

Dada amemaliza. Naongeza tu kwamba ukinunua meno mapya, krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huandikwa namba moja; usikubali kuchanganyiwa krauni ya seti hii na pinioni ya seti ile hata kama meno yanalingana. Kazi yenyewe ni ya subira: kina cha pinioni, mkazo wa beringi, nafasi kati ya meno ambayo ni sehemu ndogo ya milimita, kisha rangi hupakwa kwenye meno ili kuona yanapogusana. Ukishafungiwa, safari za kwanza ziwe fupi, bila mzigo, uache difu ipoe, na baada ya kilomita 800 hivi umwage oili uweke nyingine.

#27 Mama wa Elburgon

Tafadhali mzingatie hayo. Mara ya kwanza nilipeleka Prado kwenye gereji ambayo sitaitaja, wakafunga kwa siku moja, na kutoka Molo hadi Naivasha nilisikia mluzi kama wa treni. Ilibidi seti nzima itupwe. Fundi wa pili alichukua siku nne na sijasikia kitu tangu hapo.

#28 Mkulima wa Mau Narok

Nimerudi, na sasa nimechanganyikiwa zaidi. Nyuma nimehesabu mara tatu, ni 4.1. Mbele nimefunga habu, nimezungusha gurudumu mara mbili, nimehesabu mara nne kwa sababu sikuamini. Mbele ni 3.9. Gari nililinunua mkononi mwa mtu, na inaonekana kabla yangu difu ya mbele iliharibika ikawekwa nyingine iliyopatikana.

#29 Mwalimu wa Hesabu

43 kwa 11 ni 3.909. Gawanya 4.111 kwa hiyo: asilimia 5. Ukiingiza gia ya magurudumu manne, propela zote mbili hulazimishwa mwendo mmoja, kwa hiyo magurudumu ya mbele hutaka kwenda haraka kuliko ya nyuma kwa asilimia 5. Ardhi isiporuhusu kuteleza, kitu fulani ndani kinapindwa.

#30 Mkulima wa Mau Narok

Hapo umenigusa. Kwa miaka mitatu, kila nikitoka matopeni na kufika kwenye murram kavu, mpini wa transfa hugoma kutoka. Hunibidi nirudi nyuma kidogo ndipo uachie. Usukani nao huwa mzito. Nilidhani ni uzee wa gari.

#31 Mkulima wa Trans Nzoia

Nisamehewe nikipinga. Trekta zetu zenye ekseli ya mbele inayoendeshwa hutengenezwa makusudi magurudumu ya mbele yatangulie kidogo, asilimia chache, ili yavute badala ya kusukumwa. Huenda Mkulima amekuwa akipita matopeni vizuri kwa sababu ya kasoro hiyo hiyo. Mimi nisingeharakisha kuiondoa.

#32 Fundi wa Kibuye

Mzee, trekta huishi shambani ambako udongo hulegea, na hata kitabu chake kinakuagiza utoe ekseli ya mbele ukifika lami. Mtangulio wake umepimwa na mhandisi, huu wa Mkulima umepimwa na duka la vipuri vya mitumba. Na jiulize aliyeharibu difu ya mbele ya kwanza alikuwa nani.

#33 Mkulima wa Trans Nzoia

Huenda aliharibu mwenye gari kwa kuruka mitaro. Hujui na mimi sijui.

#34 Mzee wa Timboroa

Ninachoona mimi ni kwamba Mkulima amepata udhuru. Mbele lazima ifunguliwe kwa vyovyote, kwa hiyo gharama ya kubadilisha zote mbili imepungua kwa nusu moyoni mwake. Afunge 4.56, fedha itakayobaki aweke turbo.

#35 Fundi wa Kibuye

Afunge 4.88, turbo asubiri. Turbo kwenye 1HZ ambayo haikutengenezewa turbo inataka mtu anayetazama joto la moshi muda wote, na mtu mwenye viazi hutazama viazi.

#36 Dereva Mstaafu

Arudishe tairi za 235 na atafute difu ya mbele ya 4.1 iliyotumika. Nimesema tangu mwanzo.

#37 Mkulima wa Mau Narok

Wazee wangu, nimesoma yote mara mbili. Tairi sirudishi, kwa sababu jirani mwenye trekta ameshaanza kunisalimia kwa heshima. Mbele inafunguliwa mwezi ujao baada ya mavuno. Kati ya 4.56 na 4.88 bado sijaamua, ila nitafanya jaribio: nitapanda Mau Summit kwa mzigo, nikiwa katika gia ya nne, nione ni mizunguko mingapi ambayo injini hukubali bila kunung'unika. Ikikubali kwenye 1,650, nitachukua 4.56. Ikidai 1,750, Fundi atakuwa ameshinda.

#38 Mzee wa Timboroa

Andika na halijoto ya siku hiyo. Asubuhi yenye baridi hewa ni nzito zaidi, usije ukampa Mwalimu ushindi wa bure.

#39 Kano Kwetu

Mkulima, hiyo difu ya 3.9 utakayoitoa mbele usiiuze kabla hujaniandikia. Baada ya kusoma uzi huu nimehesabu ya kwangu ya nyuma, ambayo siku zote nilikuwa nikiapa kuwa ni 4.1, na ni 3.9. Ya mbele naogopa kuihesabu.